Sura ya Saba: Embe Lisilosubiri Kuiva

Ukitoka Nairobi kwa Barabara ya Kangundo, ukazipita Ruai, Kamulu, Joska na Malaa, kisha ukakiacha kilima cha Koma, unaingia Tala baada ya kilomita zipatazo 60. Ni mji wa soko na shule. Kaskazini yake umesimama mlima Kilimambogo, na kuuzunguka mji kuna mashamba ya Matungulu: kahawa, mahindi, maharagwe, maparachichi, na miti ya maembe iliyopandwa kandokando ya maboma. Kati ya Desemba na Machi hakuna haja ya kumuuliza mtu msimu umefika wapi. Maembe yametandazwa juu ya magunia, yamejaa kwenye ndoo na mikokoteni, na mengine yamepangwa mafungu mafungu kando ya lami, matano matano, la sita juu kama nyongeza.

Bei huwekwa na mwenye lori. Anaingia shambani na vijana wake wa kuchuma, anatazama mti mmoja mmoja kutoka chini, kisha anamgeukia mwenye shamba.

"Mwaitu, haya madogo siyachukui. Na haya yenye madoa utayaondoa."

"Nikiyaondoa nitayapeleka wapi?"

Swali hilo halijibiwi. Lori linaondoka na maembe yaliyolingana ukubwa, kwa bei ambayo msimu ukikolea hushuka hadi shilingi chache kwa embe moja, na yaliyobaki yanabaki. Watoto wanakula hadi wanachoka. Ng'ombe anapewa. Baada ya wiki moja harufu ya chini ya mti ni ya pombe, na nyuki wamekuja kujionea.

Kila anayeandika juu ya usindikaji wa matunda huanzia hapo, kwenye maembe yanayooza, akamshauri mama wa shamba ayaokote ayapike. Mimi nasema akifika hapo amechelewa. Chatini ya embe haipikwi kwa embe lililoshindikana kuuzwa. Inapikwa kwa embe ambalo bado halijaiva, lililochumwa wiki kadhaa kabla lori halijaonekana, wakati mti umebeba kuliko unavyoweza na matawi yameinama. Mkulima anayeijua chatini huanza kuvuna mapema kuliko broka, na anavuna kwa hiari yake.

Sababu ya kwanza ni nzi. Mwaka 2003 wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Nairobi, walimgundua nchini Kenya nzi wa matunda ambaye hakuwa amejulikana huku. Asili yake ni Asia, na baada ya miaka michache alikuwa ameenea sehemu kubwa ya Afrika. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani, na funza wanapotoka huila nyama ya tunda huku kwa nje kukionekana alama ndogo tu. Ni kwa ajili ya nzi huyu Kenya ilisitisha kupeleka maembe yake kwenye soko la Umoja wa Ulaya mwaka 2014, na haikurudi hadi 2021. Sasa, nzi huyu hulipenda embe linalokaribia kuiva, lililoanza kulainika na kunukia. Embe gumu, kijani, lenye asidi kali, halimvutii sana. Kwa hiyo anayechuma mapema anachuma safi, na aliyengoja ladha ya sukari amemngojea na mgeni wake.

Sababu ya pili naichukua kwenye kahawa, kwa kuwa Matungulu na Kangundo ni nchi ya kahawa. Tangu Waafrika waruhusiwe kuipanda kwa wingi, hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, hakuna mkulima wa huku aliyewahi kufikiria kuuza buni mbivu kando ya barabara. Buni inapelekwa kiwandani siku ileile, inamenywa, inachachushwa, inaoshwa, inaanikwa. Hata mtoto anajua kwamba tunda la kahawa halina bei, na kwamba bei imo kwenye kazi inayofanywa baada ya kuchuma. Watu haohao, kwenye shamba hilohilo, wanauza embe likiwa na ganda lake na kulaumu soko. Serikali na mashirika wamejaribu. Mwaka 2010 Coca-Cola na washirika wake walianzisha mradi wa kuwaunganisha wakulima wa maembe na wa matunda ya pasheni wa Kenya na Uganda na viwanda vya juisi. Kaunti jirani ya Makueni ilijenga kiwanda chake cha rojo ya embe huko Kalamba. Hayo ni mema. Lakini kiwanda kinataka embe lililoiva, kinataka tani, na kinataka siku maalumu. Jiko la nyumbani linataka kilo mbili na alasiri moja.

Kuhifadhi embe bichi si jambo geni pwani yetu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, aliyetoka Tangier, alishuka Mogadishu akakaribishwa kama mgeni wa sultani. Ameeleza mlo aliowekewa: wali uliopikwa kwa samli, mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni vitu vya kuchangamsha mdomo, yaani malimau na pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Akafafanua kwamba embe likiiva ni tamu, lakini kabla ya kuiva ni kali kama limau, na wenyeji hulihifadhi kwenye siki. Walikuwa wakila tonge la wali, kisha wakionja kidogo cha vile vikali. Hakuacha kusema pia kwamba walikula sana na walikuwa wanene, jambo ambalo mgeni mwenye adabu angelimezea. Kinachonivutia ni kwamba karibu miaka 700 iliyopita, katika mwambao huu, embe bichi lilikuwa na kazi yake mezani na halikuonekana kuwa tunda lililokosa bahati ya kuiva.

Safari ya pili ya chatini ilipitia reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza waliwaleta Wahindi zaidi ya 30,000 kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, na walikuja na bizari zao, achari zao na chatini zao. Waliobaki walifungua maduka hadi miji ya ndani, Machakos ikiwemo. Upande mwingine, Waingereza waliokaa India walikuwa wamekwisha kuionja, wakaizoea, na viwanda vya London vikawa vinaijaza kwenye chupa. Wapishi wa Uingereza, kwa kukosa embe, walitia tofaa. Hiyo tamu nzito yenye zabibu kavu inayouzwa leo kwenye maduka makubwa ya Nairobi ni ya ukoo huo: Mhindi aliyepitia London. Chatini ya Kihindi ya nyumbani mara nyingi ni mbichi, inasagwa asubuhi na kuliwa mchana.

Msomaji wa Mombasa ataniuliza kuhusu achari. Kwake achari ni mbili: ile ya kuliwa na wali, yenye embe, chumvi, pilipili na mafuta, iliyoanikwa juani, na ile ya watoto, vipande vya embe kavu vyenye sukari, pilipili na rangi nyekundu inayobaki kwenye vidole mpaka jioni, inayouzwa pamoja na mabuyu. Zote ni nzuri, na zote zinahitaji jua la uhakika, kwa hiyo tuziachie pwani. Chatini ninayoizungumzia hapa hupikwa motoni kwa sukari na siki hadi iwe nzito, na haitegemei mawingu.

Basi tuchague embe. Tala iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na embe halipendi baridi. Huku mwembe unazaa, lakini maembe mengi yanayojaa sokoni yanatoka chini zaidi, pande za Yatta, Mwala na Masinga. Aina ni nyingi na kila moja ina tabia yake. Apple, lenye umbo la duara na ganda jekundu-manjano, ndilo linalopendwa na walaji. Kent, Tommy Atkins na Van Dyke yalitoka Florida. Ngowe ni refu, limepinda nchani kama mdomo wa ndege, na lilijulikana kwanza Lamu. Kisha kuna embe la kienyeji, dogo, lenye nyuzi zinazobaki kati ya meno hadi kesho yake, ambalo mabroka hawalitazami kabisa.

Kwa chatini mimi nachagua Ngowe. Nyama yake haina nyuzi nyingi, kokwa ni jembamba, na likipikwa bichi vipande vinashika umbo. Apple linafuata. Kent linadanganya, kwa kuwa ganda linaweza kubaki na ukijani hata ndani limeiva, na ukilitia bila kulipasua utapata uji. La kienyeji lina ukali na harufu ambavyo haya ya kupandikizwa hayana, ila usilikate vipande: likune kwenye kikunio kuelekea kokwa, uache nyuzi zibaki na kokwa lake, na uchanganye robo ya la kienyeji na robo tatu za Ngowe. Hiyo ndiyo chatini bora niliyoionja upande huu.

Embe liwe limekomaa lakini halijaiva. Tofauti hiyo watoto wa Ukambani wanaijua kuliko mabwana shamba, kwa sababu wao hula embe bichi kwa chumvi na pilipili tangu Novemba. Tazama mabega yake, pale kikonyo kinapoingia: yakiwa yameinuka na kujaa kuzidi kikonyo, limekomaa. Lipasue moja kwa majaribio. Kokwa liwe gumu, kisu kisilikate. Nyama iwe nyeupe inayoanza kugeuka rangi ya krimu karibu na kokwa. Kokwa likikatika kama tango, bado ni changa mno na litakupa uchungu. Chuma na kipande cha kikonyo, kisha kikate ukiwa umelielekeza embe chini ili utomvu udondoke mbali na ganda na mbali na mikono yako. Utomvu huo unaunguza. Mwembe na mkorosho ni wa familia moja, na mwenye ngozi nyepesi atapata malengelenge. Avae glavu au ajipake mafuta kwanza, na asiguse macho.

Menya, kata vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kisha pima. Mahesabu yote yanafuata uzito wa nyama baada ya kumenya, na kwa kilo 2 za nyama utahitaji sukari kilo 1, siki mililita 800, vitunguu maji gramu 400, zabibu kavu konzi mbili nzuri, tangawizi kipande cha urefu wa kidole cha kati, vitunguu saumu punje sita au saba, na pilipili kadiri ya ujasiri wako. Sukari guru inaweza kuchukua nafasi ya nusu ya sukari nyeupe. Itatia giza na ladha ya moshi ambayo mimi naipenda na wengine hawaipendi. Viungo vikavu ni kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba, kimoja cha giligilani, kimoja cha haradali, kijiti cha mdalasini, karafuu nne. Vikaange bila mafuta hadi vinukie, kisha vitwange kijuujuu kwenye kinu, mdalasini na karafuu ukiziacha nzima ili uziokote baadaye. Uwatu, ukiutia, usizidi punje chache. Uwatu mwingi ni uchungu usiotibika.

Vipande vya embe vinyunyizie vijiko viwili vya mezani vya chumvi, changanya, funika kwa kitambaa na uviache vilale. Asubuhi utakuta maji yamejaa beseni, yamwage. Hatua hii inarukwa na wenye haraka, na chatini yao huwa inaelea maji au inapikwa hadi inapondeka. Chumvi inatoa maji bila moto, na kipande kilichotolewa maji hunywa siki na sukari badala ya kuvurugika.

Sasa sufuria. Nyingi za sufuria zetu ni za alumini, nyepesi, za bei nafuu, zilizosuguliwa kwa jivu hadi zinang'aa. Kwa ugali hazina shida. Kwa siki zina shida: asidi hula alumini, sufuria inageuka nyeusi mahali na nyeupe mahali, na chatini inapata ladha ya chuma ambayo hakuna kiungo kitakachoifunika. Tafuta sufuria ya stili isiyoshika kutu au ya enameli isiyobanduka, yenye kitako kizito. Ikikosekana, azima. Kitako kizito ni lazima, maana sukari ikishika chini umepoteza yote.

Chemsha siki na sukari hadi sukari iyeyuke, tia vitunguu, tangawizi, saumu, pilipili na viungo, viache vichemke dakika 10, kisha tia embe na zabibu. Kama unatumia jiko la makaa, huu ndio wakati wa kuyafunika makaa kwa jivu jepesi. Moto uwe wa chini, chatini ipumue taratibu, mapovu makubwa yakipasuka moja moja. Kwa nusu saa ya kwanza unaweza kushughulika na mengine, ukirudi kukoroga. Baada ya hapo usiondoke. Inaanza kuwa nzito, inarusha matone yanayoshikamana na ngozi, rangi inatoka kijani hafifu kwenda dhahabu kisha kwenda kahawia ya asali, na vipande vinaanza kuonyesha mwanga ukiviinua kwa mwiko. Itachukua saa moja hadi saa moja na nusu kwa jumla, na makaa hayatabiriki, kwa hiyo usiiamini saa. Iamini sahani. Weka kijiko kimoja cha chatini kwenye sahani baridi, subiri kidogo, kisha pitisha kidole katikati. Mfereji ukibaki wazi na hakuna maji yanayotoka pembeni, epua. Itaendelea kukaza chupani, basi epua mapema kidogo kuliko moyo unavyotaka.

Inakaza kwa sababu embe bichi lina pektini nyingi, kitu kilekile kinachogandisha jamu. Linapoiva, pektini inavunjika, asidi inapungua na sukari inapanda. Hapo ndipo anayepika kwa maembe mabivu anapoingia matatani mara mbili. Kwanza chatini yake haikazi, akaongeza sukari, ikawa jamu yenye kitunguu. Pili, na hili ni zito, asidi yake imepungua. Kinachozuia vijidudu hatari, hasa yule wa sumu ya botulinum, ni asidi: chini ya pH 4.6 hawezi kukua. Embe bichi lenyewe liko chini sana ya hapo, na ukiongeza siki uko salama kwa mbali. Embe lililoiva sana linaweza kuukaribia mpaka huo, na siki ikipunguzwa kwa kuonea huruma watoto, mpaka unavukwa. Kwa hiyo pilipili punguza, sukari punguza kidogo ukitaka, lakini siki usiiguse. Na isome chupa ya siki kabla ya kununua. Kipimo hiki ni cha siki ya asidi asilimia 5. Dukani kuna za asilimia 4 na hata chini yake. Hizo zifae kachumbari.

Kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa London au Dar es Salaam havitamwambia mpishi wa Tala, nalo ni mwinuko. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa mita 1,500 huchemka karibu nyuzi 95. Mpishi wa maharagwe anajua, maana maharagwe yanayoiva Mombasa kwa muda fulani yanadai zaidi huku. Chupa nazo zinadai zaidi. Osha chupa za kioo, zipashe moto, zijaze chatini ingali inachemka, acha sentimita moja juu, futa mdomo, funga. Kisha zisimamishe ndani ya sufuria ndefu yenye kitambaa chini, maji yazifunike kabisa, na uhesabu dakika 15 tangu maji yachemke kweli. Pwani dakika 10 zinatosha. Vifuniko vinunuliwe vipya. Kioo cha jamu iliyokwisha kinatumika tena na tena, lakini kifuniko chake kimekwisha kazi: ule mpira wa ndani umebonyea na hautabana mara ya pili. Chupa zikipoa, bonyeza katikati ya kifuniko. Kinachobofyeka na kurudi hakikufunga. Hicho kiliwe wiki hii.

Halafu kuna sehemu ngumu kuliko zote, ambayo ni kutokula. Chatini ya leo inauma puani kwa siki, na wengi huitupia lawama siku ya kwanza. Iweke gizani mwezi mmoja au wiki sita. Siki inatulia, viungo vinaingia ndani ya kipande, zabibu zinafura. Ukipika Februari, Pasaka itaikuta tayari.

Tuzungumze pesa, kwa kuwa najua kuna anayesoma sura hii akiwa na kalamu mkononi. Kilo 2 za nyama zitakupa chupa kama tisa au kumi za gramu 300. Embe ndilo la bei ya chini kuliko vyote vilivyomo. Kwenye shamba lako ni kama bure. Gharama imekaa kwenye sukari, siki, zabibu, makaa, na zaidi ya yote chupa na kifuniko chake. Mwaka 2023 kilo ya sukari Kenya ilivuka shilingi 200, na waliokuwa wakitengeneza jamu na chatini nyumbani waliumia bila mtu kuwaandika magazetini. Kwa hiyo anayekwambia utatajirika kwa kuwa una miembe hajawahi kununua katoni ya chupa. Faida ipo, lakini inategemea kununua chupa kwa jumla Nairobi, ikiwezekana akina mama kadhaa wa kikundi kimoja wakichanga, na kupika mara nyingi kwa viwango vidogo. Sufuria kubwa la kilo 10 hukawia kukauka, huungua chini, na hutoa chatini nyeusi yenye vipande vilivyopondeka.

Kuuza nako kuna masharti. Jirani akikununulia chupa mbili ni sawa. Ukitaka kuiweka kwenye rafu ya duka, unahitaji nembo ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, kibali cha biashara cha kaunti, na cheti cha afya cha kila anayeshika chakula. Kibandiko kionyeshe viambato, uzito, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Wengi hukata tamaa hapo. Mimi naona kikundi cha watu kumi wanaogawana ada na siku za kupika kinaweza kufika. Mtu mmoja peke yake, kwa miti minne, aipikie familia yake na wageni wake, na hiyo si hasara hata kidogo.

Maana italiwa. Watu wananiambia chatini ni chakula cha Wahindi na cha hoteli, haina mahali kwenye sahani ya Mkamba. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, ni chakula kizito, kitulivu, kinachoomba kitu cha kukiamsha, na kijiko kimoja cha chatini ya embe pembeni kinafanya kazi ambayo nyanya za kukaanga haziwezi. Pamoja na nyama choma ya mbuzi inashinda kachumbari, nasema bila kusita. Kwenye chapati iliyokunjwa ni kifungua kinywa. Kwenye wali wa nazi ni karibu ileile iliyomshangaza Ibn Battuta. Kwenye ugali wa sukuma wiki haifai, nimeona ikijaribiwa.

Chupa ambayo haijafunguliwa itakaa mwaka mzima kabatini, mbali na jua. Ikishafunguliwa iweke kwenye friji, au mahali pa baridi kabisa pa nyumba kama huna, uichote kwa kijiko kikavu kila mara, na uimalize ndani ya miezi miwili. Ikitoa mapovu, ikiota ukungu au kifuniko kikivimba, itupe yote bila kuonja. Na kama unasoma haya mwezi wa Desemba na mwembe wako umeinama, usimngojee mwenye lori: chuma kilo chache leo jioni, uzitie chumvi kabla ya kulala.